Ngolo, Ntambo na Mita Sitini: Uhakiki wa Istilahi za Mipango ya Miji

Makala haya yanakusudia kuhakiki baadhi ya istilahi ambazo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huzitumia wanapoandika juu ya makazi na mipango ya miji yetu. Hatuzihakiki kwa kuangalia kama zimeundwa kwa kufuata kanuni za sarufi, maana nyingi zimeundwa vizuri. Tunauliza swali jingine: je, istilahi hizo zinamwezesha msomaji kukiona kitu kilichopo mbele yake, au zinamfichia?

Tumechagua Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma kwa sababu mbili. Kwanza, katika eneo hilo mtu husafiri mwendo wa kilomita 66 hivi, akateremka kutoka milima ya Wamatengo, ambayo sehemu zake hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hadi Mbamba Bay, ambako uso wa ziwa uko chini ya mita 500. Hivyo katika safari moja huona baridi na joto, mteremko na ufuko, shamba la kahawa na mtumbwi wa mvuvi. Pili, eneo hilo linageuka kuwa la miji kwa kasi. Mbinga mjini ina halmashauri yake. Wilaya ya Nyasa ilikatwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na makao yake yakawekwa Mbamba Bay. Na barabara inayoziunganisha sasa ni ya lami. Mahali ambapo miji inazaliwa, ndipo maneno ya mipango ya miji hupata nguvu ya kuhamisha watu. Basi inafaa kuyapima maneno hayo kabla ya kupima viwanja.

1. Neno "holela"

Nyaraka nyingi za miji huyagawa makazi ya wananchi katika mafungu mawili: makazi yaliyopangwa na makazi holela. Kwa matumizi ya kawaida ya Kiswahili, jambo la holela ni jambo lifanywalo ovyo, bila ya utaratibu au bila ya idhini. Maana hiyo ina pande mbili, na hapo ndipo utata unapoanzia. Kukosa idhini ni jambo moja, na kukosa utaratibu ni jambo jingine. Mtumishi anayeandika "makazi holela" mara nyingi anakusudia kusema kwamba hakuna ramani iliyoidhinishwa wala viwanja vilivyopimwa. Lakini msomaji wake anaelewa kwamba watu wa mahali hapo wamejenga pasipo kufikiri.

Tutazame makazi ya kawaida kwenye mteremko wa milima. Nyumba hukaa kwenye sehemu iliyo tambarare kidogo, mahali ambapo maji ya mvua hayapiti. Njia haishuki moja kwa moja bali hukata mteremko kwa mshazari, kwa kuwa njia inayoshuka wima hugeuka korongo baada ya masika machache. Chemchemi huachiwa miti yake, na choo huchimbwa upande wa chini yake. Mambo hayo hayakuandikwa popote, lakini yana mpango. Na anayeyavunja huonywa na jirani zake kabla ya kuonywa na mvua. Kinyume chake, ramani iliyochorwa mezani kwa mistari iliyonyooka, ikaitupa barabara kutoka kilele hadi bondeni, inaweza kuwa na mihuri yote na bado ikawa ndiyo iliyo holela mbele ya maji.

Historia yetu yenyewe inatufundisha. Katika miaka ya 1970 Serikali iliacha njia ya kubomoa makazi yaliyojengwa pasipo vibali katika miji, ikachagua kuyapelekea barabara, maji na huduma nyingine. Manzese katika Dar es Salaam ni mfano unaojulikana. Sera ilibadilika, lakini msamiati wa kulaumu ulibaki. Leo tunalo neno urasimishaji, nalo ni istilahi nzuri, kwa sababu linakiri kwamba kilichopungua ni urasmi tu. Lakini hatuwezi kusema kwa mdomo mmoja kwamba tunarasimisha makazi ya watu na papo hapo tuyaite ya ovyo.

Kwa hiyo tunaona kwamba neno holela litumike kwa uangalifu. Ikiwa jambo linalokusudiwa ni kukosekana kwa upimaji, iandikwe makazi yasiyopimwa. Ikiwa ni kukosekana kwa hati, iandikwe hivyo. Ikiwa ni hatari ya mafuriko au maporomoko ya udongo, hatari hiyo itajwe kwa jina lake, maana mwananchi anayeambiwa kwamba nyumba yake iko katika hatari ataelewa na pengine atahama, bali anayeambiwa kwamba yeye ni mtu wa holela atakasirika na kubaki.

2. Ngolo si shimo

Wamatengo wanalo jina la kilimo chao cha milimani: ngolo. Wengine huandika ngoro. Majani hufyekwa na kuachwa yakauke, kisha hupangwa katika mistari inayokatana na kufanya miraba kwenye uso wa mteremko. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika majani hayo, ukafanya tuta kila upande na shimo katikati. Kwa desturi wanaume hufyeka, na wanawake huchimba na kufunika. Maharage hupandwa juu ya matuta masika yanapoelekea mwisho, na mahindi hufuata katika mvua za msimu unaokuja. Mvua inaponyesha, kila shimo hukamata maji yake pamoja na udongo uliobebwa nayo, na majani yaliyofukiwa huoza na kurutubisha shamba. Hakuna shimo linalobeba mzigo wa mlima mzima; kila moja hubeba mvua iliyoangukia pale pale.

Ustadi huu una umri wa zaidi ya karne moja, na haukufichika kwa wageni. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akiueleza kuwa ni njia ya kuhifadhi udongo. Tangu hapo maandishi ya Kiingereza yameuita kwa jina linalotafsirika kama "mashimo ya Wamatengo", na wafasiri wetu wakaichukua tafsiri hiyo na kuirudisha kwa Wamatengo wenyewe. Hii ni safari ya ajabu kwa neno: kutoka Mbinga hadi Kiingereza, na kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, hali Kimatengo na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja.

Kasoro ya "mashimo" si ya adabu tu bali ni ya maana. Shimo ni sehemu moja ya ngolo. Neno hilo linaacha tuta, linaacha majani yaliyo ndani ya tuta, linaacha mzunguko wa maharage na mahindi, na linaacha mpangilio wa miraba, ambao ndio unaofanya kazi. Mwanafunzi anayesoma "mashimo" hawezi kujua kwa nini mlima haumomonyoki. Anayesoma ngolo, akiisha kuelezwa mara moja, anashika jambo zima kwa neno moja. Hiyo ndiyo kazi ya istilahi.

Msomaji atauliza kilimo kinahusu nini na mji. Kinahusu sana. Mwaka 2015 China iliteua miji 16 ya majaribio ya mpango ambao jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, ni "mji sponji", yaani mji unaofyonza mvua mahali inapoanguka badala ya kuikimbiza yote kwenye mifereji mikubwa. Wazo hilo limeenea duniani, na limeanza kuingia katika vitabu vya vyuo na taarifa za miradi ambazo wafasiri wetu watapewa. Tukiandika "mji sponji" tutakuwa tumeleta kifaa cha kuoshea vyombo ili kueleza jambo ambalo mwanamke wa Litembo analifanya kwa jembe kila msimu. Isitoshe, sponji hufyonza yenyewe, bali ngolo hutengenezwa na kutunzwa kwa mikono. Na mji unaotaka kuzuia maji yake hauna budi kutunzwa vivyo hivyo. Hatusemi kwamba viwanja vya Mbinga mjini vichimbwe ngolo. Tunasema kwamba mhandisi anayetaka kuwaeleza madiwani wake kwa nini inafaa kuwa na vidimbwi vingi vidogo juu ya mteremko kuliko mtaro mmoja mkubwa chini yake, anaweza kusema "kwa mfumo wa ngolo", na akaeleweka kabla hajafungua ramani.

Inafaa pia kukumbuka yaliyotokea Uluguru. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, na mwaka 1955 jambo hilo lilizua ghasia. Lengo lililotangazwa, yaani kuzuia mmomonyoko wa udongo, halikuwa baya. Lakini mtaalamu aliyekuja na neno lake na kipimo chake hakuona kwamba wenye mlima walikuwa na maneno na vipimo vyao.

3. Ntambo na ugumu wa kuiingiza

Neno la pili ni gumu zaidi. Kwa Wamatengo, ntambo ni eneo la mlima lililopakana na vijito pande zake. Katika ntambo moja huwapo msitu upande wa juu, nyumba na migomba na kahawa mahali panapokalika, mashamba ya ngolo miteremkoni, na bonde lenye maji chini. Kwa mapokeo eneo hilo lilikaliwa na watu wa ukoo mmoja. Kwa hiyo ntambo ni sura ya nchi na ni sura ya jamii kwa pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani, waliofanya kazi Mbinga katika miaka ya 1990, waliona umuhimu wa neno hili na wakalitumia katika maandishi yao bila kulitafsiri.

Kiswahili hakina neno linalotosha. Bonde ni sehemu ya chini tu. Mteremko ni mwinamo tu, hauna watu. Kitongoji kina watu, lakini mipaka yake ni ya utawala, na inaweza kukata kijito katikati. Mpangaji wa mji wa milimani anahitaji jina la eneo ambalo maji yake ni yake: anayeishi juu akikata msitu, anayeishi chini anakosa chemchemi, wa juu akisakafia ua wake wote, wa chini anapata mafuriko. Mitaa ya Mbinga mjini ikigawanywa kwa kufuata barabara peke yake, watu hao wawili wanaweza kuwa katika mitaa miwili yenye wenyeviti wawili, na kila mmoja akamwambia mwenzake kwamba shauri hilo si lake.

Lakini kuna kikwazo cha lugha. Tukilifanya neno hili lifuate kawaida ya Kiswahili, litakuwa mtambo, na wingi wake mitambo. Hapo litagongana na mtambo wa kiwanda, na barua inayosema kwamba "kila mtambo uwe na kamati yake ya maji" itapelekwa kwa fundi. Mgongano huo si mdogo, kwa sababu maneno yote mawili yatatokea katika taarifa za idara moja.

Pendekezo letu ni kwamba neno libaki ntambo, liingizwe katika ngeli ya i-/zi-, na lisibadilike katika wingi: ntambo hii, ntambo hizi. Sauti ya nt mwanzoni mwa neno si ngeni kwa Kiswahili. Tunayo nta ya nyuki. Wala si jambo geni kuchukua neno la lugha ya nyumbani na kulipa kazi ya kitaifa. Neno kitivo, ambalo kwa Wapare na Wasambaa lilihusu ardhi yenye rutuba, leo ni sehemu ya chuo kikuu. Neno ngeli, ambalo limetumika katika aya hii, lilitoka Kihaya. Kanuni ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndiyo kanuni tuliyojiwekea tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kinachotakiwa ni kuitumia hata pale ambapo lugha yenyewe si ya mkoa mkubwa.

4. "Ardhi isiyotumika"

Hapa uhakiki wetu unafikia jambo linaloweza kumnyima mtu shamba. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapofasili ile ardhi ambayo maandishi yetu huiita mara ardhi ya jumla mara ardhi ya kawaida, inaingiza ndani yake pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, iliyotungwa mwaka huo huo, inafasili ardhi ile ile bila ya maneno hayo. Wanasheria wamelijadili pengo hilo kwa muda mrefu. Sisi tunalitazama kwa upande wa lugha.

Nini maana ya "isiyotumika"? Shamba la ngolo linapopumzishwa huota majani, na majani hayo ndiyo yatakayofukiwa katika matuta ya msimu unaokuja. Mwenye shamba atasema kwamba shamba limelala, akimaanisha kwamba lipo kazini. Mgeni anayepita barabarani ataona pori. Vivyo hivyo msitu ulioachwa juu ya ntambo haulimwi wala haukaliwi, lakini ukiondolewa hakuna kijito. Ukisema kwamba ardhi hiyo haitumiki, umesema uwongo kwa neno moja, ingawa hukukusudia.

Suala hili huwa zito zaidi mji unapopanuka na kukifikia kijiji. Eneo likiisha kutangazwa kuwa la mipango miji kwa mujibu wa Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, na kijiji kikabadilishwa kuwa mtaa, mamlaka ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji juu ya ardhi hayabaki kama yalivyokuwa. Katika kipindi hicho cha mpito kila kivumishi kinachoandikwa katika daftari kina uzito: tupu, wazi, isiyoendelezwa, isiyotumika, pori.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu. Ni hatua tuliyoingojea kwa miaka mingi, lakini imewaletea wafasiri wajibu mpya. Zamani mfasiri aliyekosea aliweza kusema kwamba maneno ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu. Sasa neno lake ndilo litakalosomwa mahakamani. Basi tunashauri kwamba popote panapohusu ardhi ya vijiji, wafasiri watofautishe kwa maneno mambo haya matatu: ardhi iliyoachwa, yaani ambayo mwenyewe ameitupa, ardhi iliyopumzishwa, yaani ambayo inangoja msimu wake, na ardhi iliyohifadhiwa na wenyeji, yaani ambayo huachwa makusudi kwa ajili ya maji, kuni au mazishi. Kuyaweka yote matatu chini ya "isiyotumika" ni kutoa hukumu kabla ya kesi.

5. Ufuko na mita sitini

Tuteremke sasa ziwani. Kutoka Lituhi, karibu na mdomo wa Mto Ruhuhu, kupita Liuli na Mbamba Bay hadi Chiwindi mpakani mwa Msumbiji, ufuko ndio barabara, bandari, soko na mahali pa kazi. Hapo mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu hutungwa, na dagaa wa Nyasa huanikwa juu ya vichanja vya fito. Mpimaji akifika na orodha yake ya matumizi ya ardhi, mara nyingi mahali kama hapo hupata jina la eneo la wazi. Kwa mtaalamu wa mipango, eneo la wazi ni sehemu inayopaswa kulindwa isijengwe. Lakini kwa msomaji wa kawaida, na hata kwa mtu mwenye fedha anayetafuta kiwanja, wazi ni tupu, na tupu ni ya kuchukuliwa. Istilahi iliyokusudiwa kulinda imekuwa mwaliko. Afadhali ufuko wa namna hiyo uandikwe kwa kazi yake: uanio wa dagaa, diko la mitumbwi, gulio. Neno diko, ambalo watu wa pwani hulitumia kwa mahali pa kutua vyombo na kuuzia samaki, lipo tayari katika Kiswahili na halihitaji kamati.

Kisha kuna mita sitini. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 za ufuko wa bahari au ziwa na za kingo za mito, shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaelekea kudhuru hifadhi ya mahali hapo. Lakini tafsiri fupi inayosikika mikutanoni na kusomwa magazetini husema tu kwamba "ni marufuku kufanya shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60". Maneno "za kudumu" yameanguka njiani, na sharti la madhara limeanguka pamoja nayo. Kichanja cha fito kinachohamishwa si kitu cha kudumu. Mama anayeanika dagaa kwa siku mbili na kukikunja kichanja chake anaweza kuwa hajavunja sheria yoyote, lakini kwa tafsiri ile fupi amekuwa mhalifu tangu asubuhi. Maneno mawili yaliyoachwa ili sentensi iwe nyepesi yanaweza kumwondolea mtu riziki.

Tena yafaa kuuliza: mita 60 kutoka wapi? Ziwa Nyasa halikai mahali pamoja. Kila mwaka maji hupanda baada ya masika na kushuka wakati wa kiangazi. Zaidi ya hayo, katika karne ya 20 lilikuwa chini sana kuanzia mwaka 1915, hata Mto Shire ukaacha kutoa maji ziwani kwa takriban miaka 20, kisha likapanda hadi kilele chake mwaka 1980. Tofauti baina ya hali hizo mbili ni zaidi ya mita 5 za kimo. Kwenye ufuko wenye mwinamo mdogo, kimo cha namna hiyo kinaweza kusogeza ukingo wa maji kwa makumi ya mita. Basi neno ufuko likiachwa bila fasili, nyumba moja inaweza kuwa halali mwaka huu na haramu baada ya miaka kumi bila kusogea hata unyayo mmoja. Wazee wa mwambao wanakumbuka maji yalifika mti gani na mwamba upi. Kumbukumbu hiyo ni kipimo, nayo ingefaa kuandikwa kando ya namba za mpimaji.

Jina la ziwa lenyewe lingetosha kutuonya. Nyasa, katika lugha za watu wa huko, ni neno la kawaida lenye maana ya ziwa. Livingstone, aliyefika mwaka 1859, alilifanya kuwa jina, na tangu hapo tunasema "Ziwa Ziwa" pasipo kushangaa. Asiyeuliza maana huandika sauti tu.

6. Pingamizi

Zipo hoja dhidi ya maoni yetu, na hatuna budi kuzijibu. Ya kwanza ni kwamba maneno ya mahali pamoja hayawezi kutumika nchi nzima. Mtu wa Kigoma atajuaje ntambo? Jibu ni kwamba atajua kwa njia ile ile aliyojua kitivo. Hakuna istilahi inayozaliwa ikiwa inajulikana.

Ya pili ni nzito zaidi. Inasemwa kwamba kutukuza ujuzi wa wenyeji ni kuwanyima huduma za kisasa. Kwamba mwananchi wa Mbamba Bay anataka maji ya bomba na nyumba ya bati, hataki kusifiwa kwa vichanja vyake. Tunakubali kwamba hatari hiyo ipo. Ngolo ni kazi ngumu, na ugumu huo umekuwa juu ya migongo ya wanawake. Hatuoni sababu ya kuupamba. Lakini kutaja kitu kwa jina lake si kukifanya kisibadilike. Ni kumpa mwenyewe nafasi katika majadiliano ya mabadiliko.

Ya tatu ni kwamba wasanifu wa majengo hawawezi kufanya kazi kwa mapokeo. Hapo mfano mmoja unatosha. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa kwa miavuli mikubwa ya zege inayowapa watu kivuli na kukinga maji ya mvua yaingie katika matangi yaliyo chini. Wazo la kuuza na kununua chini ya kivuli kama cha mti ni la soko lolote la kijijini. Msanifu alilichukua, akalipigia hesabu, akalijenga kwa zege. Soko hilo liliungua Julai 2021, lakini mfano wake haukuungua.

Nasi tulioajiriwa katika kazi ya lugha tunao ushahidi wa karibu zaidi. Baraza, kabla ya kuwa chombo cha taifa, ni kile kiti cha mawe au udongo kilichojengwa mbele ya nyumba, mahali ambapo mgeni hukaa bila kuingia ndani na shauri huzungumzwa kwenye kivuli. Michoro mingi ya nyumba za siku hizi haina baraza, haina upenu wa kutosha kuzuia jua la alasiri, na ua umebanwa ukawa kichochoro. Ikiwa orodha ya istilahi za ujenzi ina sebule na gereji lakini haina baraza, upenu na ua, mwanafunzi wa ufundi atajifunza kwamba vitu hivyo si sehemu ya nyumba.

7. Mapendekezo

Kwa kumalizia tunapendekeza mambo matano kwa kamati za istilahi na kwa wote wanaotafsiri nyaraka za ardhi na miji. Kwanza, neno holela lisitumike kama istilahi ya kisheria, bali kasoro inayokusudiwa itajwe. Pili, ngolo na ntambo ziingizwe katika orodha rasmi pamoja na fasili zake kamili, na "mashimo ya Wamatengo" yaachwe. Tatu, ardhi iliyoachwa, iliyopumzishwa na iliyohifadhiwa na wenyeji zitofautishwe. Nne, kifungu cha mita 60 kinapofupishwa kwa ajili ya wananchi, maneno "za kudumu" na sharti la madhara yasiachwe, na fasili ya ufuko itolewe. Tano, baraza, upenu, ua, diko na uanio zipewe nafasi yake katika istilahi za ujenzi na mipango.

Tungependa walimu wa Mbinga na Nyasa, hasa wale wanaozungumza Kimatengo, Kinyasa, Kimanda na Kimpoto, watuletee maneno mengine ya namna hii: majina ya pepo za ziwa, aina za udongo wa kufyatulia matofali, sehemu za nyumba na njia za maji. Kila neno liletwe pamoja na maelezo ya kazi yake na mahali linapotumika, ili kamati iweze kulijadili mapema, kabla ramani za mitaa mipya hazijapigwa muhuri.